Je, wajua kwa nini nati ya breki hugoma, tena hapa Goma?

Ukipita barabara ya Sake, upande wa Ndosho, hutakosa kuona gari kuukuu limeinuliwa juu ya magogo na miguu miwili imetokeza chini yake. Mwenye miguu akinyamaza ghafla, kisha akaguna, basi paipu ya breki imekatika. Mimi nimeguna hivyo. Ilikuwa Corolla ya 1997, gurudumu la nyuma, nikibadilisha silinda ya breki iliyokuwa ikivuja. Nati inayofunga paipu kwenye silinda ilizunguka nusu mzunguko, nikafurahi. Kumbe paipu ilikuwa ikizunguka nayo, ikajisokota kama kamba ya katani, na mafuta ya breki yakaanza kunitiririkia hadi kwenye kiwiko.

Nilimlaani aliyeikaza. Nilimwonea bure. Nati hii ni ndogo, ya spana namba 10 kwenye Toyota nyingi, na hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 15 tu: nguvu ya kiganja, wala si ya bega. Kazi yake ni kubana mdomo wa paipu, uliopanuliwa mfano wa tarumbeta, ukae barabara kwenye kiti chake. Ikimshinda mtu mzima mwenye mikono miwili, ujue iliyoikaza ni kutu.

Chuma kikiliwa na maji na hewa huvimba, maana kutu hutaka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Kwenye geti haidhuru, itabanduka magamba na kuanguka. Ndani ya hesi, yaani mifereji ya kuzungushia nati, ambako uwazi ni kama unywele, haina pa kwenda, basi hujikamua humo humo. Hapo ndipo watu wengi huishia kueleza, ilhali nati hii hukamatwa mahali pawili. Pa pili ni tundu lake la nyuma, paipu inapopita. Nati inatakiwa kuzunguka huku paipu imetulia, lakini tope na maji vikikaa pale miaka, vitu hivyo viwili huwa kitu kimoja. Hesi zikiachia kabla ya tundu, paipu inasokotwa. Nayo unene wake kwa nje ni milimita 4.75 tu, itastahimili nini?

Na Goma ina la ziada. Moshi wa Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji, una gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na unyevu angani hugeuka asidi na kushuka na mvua. Mwenye nyumba yoyote hapa ataonyesha mabati yake. Mvua inayotoboa bati haitahurumia nati. Ongeza kokoto za lava zinazokwangua rangi ya paipu kila gari linapopita, na usisahau kwamba baadhi ya magari haya ya mtumba yalianza maisha katika nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji.

Safari ya pili nilimwita fundi. Kijana wake alikuwa tayari ameshika spana ya kawaida.
“Papa, niivunje?”
“Acha kwanza. Ulishaipigia burashi?”

Spana ya mdomo wazi hugusa pande mbili tu za nati, ikiteleza mara moja pembe zimekwisha. Fundi alitoa spana ya paipu, ile inayofanana na pete iliyokatwa upenyo: hupitishwa kwenye paipu, ikashika pande tano kati ya sita. Kabla ya hapo alisugua kutu kwa burashi ya waya, akatia mafuta ya kupenya upande wa hesi na, hapa ndipo nilipokosea mimi, pale paipu inapoingia ndani ya nati. Oili ya injini ni nzito mno kwa kazi hii. Mafundi wengine huchanganya ATF, mafuta ya giaboksi ya otomatiki, na asetoni nusu kwa nusu. Inapenya vizuri, ila inashika moto haraka. Akaiacha ilale usiku kucha.

Asubuhi aligonga kichwa cha nati kwa nyundo ndogo, mara nyingi, polepole, ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Kisha akafanya jambo lililonishangaza: akaikaza kidogo kabla ya kuifungua. Kutu haijali unaizungusha upande gani, inachovunjika nacho ni mwendo. Robo mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta, huku macho yake yakiwa kwenye paipu wala si kwenye nati. Paipu ikitikisika, anarudi nyuma.

Moto aliukataa. Mafuta ya breki huwaka, na hozi ya mpira ipo karibu mno.

Zile paipu nyingine zilitoka salama. Ile niliyoisokota aliikata ikalingana na nati, akavisha soketi ya pembe sita, nati ikatoka bila ubishi. Mtu akikushauri uunge palipokatika kwa hozi ya petroli na klempu mbili, mkatalie: ukikanyaga breki kwa nguvu, presha humo ndani hupita bar 70. Tuliweka paipu mpya ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo haishiki kutu. Kazi yote hiyo, kijana alikuwa amebananisha kipande cha mti kati ya kiti na pedeli, pedeli ikiwa imeshuka kidogo tu. Hapo masta silinda, pampu ya breki inayosukumwa na pedeli, hujiziba, na mafuta hayaendelei kudondoka. Kiwiko changu kilibaki kikavu.