House of Usher haikuachana na kitabu kwa kukosa hela

Wiki hii nimeisoma tena, na safari hii kutoka kwa mtu anayefundisha vijana kuandika skripti, eti House of Usher, muvi ya mwongozaji Roger Corman ya mwaka 1960, iliiharibu hadithi ya mwandishi Edgar Allan Poe kwa sababu bajeti ilikuwa ndogo na walikuwa na haraka. Jamani. Mimi kazi yangu ni kurekebisha skripti, nyingi zimetoka kwenye vitabu, na hii imani ya kwamba ukiona muvi imebadilisha kitabu basi kuna hela ilikosekana mahali inanikera kuliko nyingine zote, maana inawafanya vijana waogope kugusa kitabu hata pale panapotakiwa kuguswa.

Tuimalize habari ya hela kwanza. Ilikuwa ndogo kweli. Kampuni ya muvi ya American International Pictures, ya James Nicholson na Samuel Arkoff, walizoea kutoa muvi mbili mbili kwa pamoja, nyeusi na nyeupe, kila moja inashutiwa kwa siku kama kumi tu. Corman akawaomba hela za mbili wampe afanye moja, ya rangi, skrini pana, siku 15, na ikaishia kwenye dola 300,000 hivi. Daniel Haller akaunda jumba zima kwa vipande vya seti za zamani za studio kubwa. Ule msitu mkavu mweusi anaopita jamaa na farasi mwanzoni ni mabaki ya moto halisi kwenye vilima vya Hollywood, Corman alisikia kuna moto akawahi na kamera kabla majani hayajaota. Na nyumba inavyoungua mwishoni, mengi ya yale ni banda la shamba kule Orange County lililokuwa linabomolewa, wakalitia moto usiku wakashuti, halafu picha zile zile zikaja kutumika tena kwenye muvi zake nyingine. Sawa. Yote hayo ni habari ya namna ilivyoshutiwa. Skripti ya Richard Matheson ni habari nyingine kabisa.

Sasa kasome hadithi yenyewe, ya 1839, ni fupi, unaimaliza kwa mkao mmoja. Jamaa asiye na jina anafika kwa rafiki yake wa utotoni, Roderick Usher, kaandikiwa barua aje. Wanakaa. Wanasoma vitabu, wanachora, Roderick anapiga gitaa. Madeline, dada yake pacha, anapita mara moja kwa mbali hata neno hasemi, baadaye tunaambiwa amekufa, wanamweka chumba cha chini. Siku zinapita, usiku wa dhoruba jamaa anamsomea Roderick kitabu, kila sauti iliyoandikwa mle kitabuni inasikika humo humo ndani ya nyumba, Madeline anatokea mlangoni nguo ina damu, anamwangukia kaka yake wanakufa wote, jamaa anatoka mbio, nyumba inapasuka inazama ziwani. Basi.

Kwenye karatasi inatisha vibaya mno, kwa sababu sauti ya yule msimuliaji imekushika shingo. Ila mimi nikiletewa hiyo kama skripti swali langu la kwanza ni moja tu: huyu mgeni anataka nini? Mbona haondoki? Kwenye kitabu huulizi. Kwenye skrini dakika ya kumi na tano kila mtu ukumbini anauliza. Matheson akamgeuza mgeni akawa Philip Winthrop, mchumba wa Madeline, katoka Boston kuja kumchukua. Basi, kila sini ikapata mvutano: huyu anataka kumtoa msichana, kaka mtu anataka abaki afie mle ukoo uishe, na Madeline mwenyewe akapata mdomo. Na tafadhali mnielewe hapa, hakuna senti iliyookolewa, mchumba na rafiki wote ni mwigizaji mmoja, anavaa nguo zile zile anakula chakula kile kile cha seti.

Halafu kuna ile sini ya jeneza, hii ndiyo naomba watu waitazame taratibu kabla hawajasema Matheson hakusoma kitabu. Kwa Poe, Roderick anakiri mwishoni kabisa kwamba alimsikia dada yake anahangaika mle ndani siku nyingi na hakuthubutu kusema. Je alijua wakati wanamfungia? Poe hakwambii. Kwenye muvi Madeline amelazwa, jeneza liko wazi, Philip yupo pale pale, na vidole vya mkono wa Madeline vinasogea. Kidogo tu. Roderick anaviona, Philip havioni, Roderick anawahi kufunika. Ni sekunde chache. Kuanzia hapo wewe mtazamaji unabeba siri ambayo Philip hana, na Roderick ameshakuwa muuaji mbele ya macho yako, ila bado unamwonea huruma kwa sababu anaamini kwa moyo wote damu ya ukoo wake ni mbovu na lazima ikatike. Kitu alichokiweka Poe kwenye maneno ya mwisho, Matheson kakiweka kwenye mkono mmoja katikati ya muvi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kuhamisha hadithi, na watu wanaiita uharibifu.

Na vitu vya kitabu vimejaa mle. Kwa Poe Roderick anaumwa na mwanga, na harufu ya maua, na sauti. Kwenye muvi Philip hajakaa vizuri mtumishi Bristol anamwambia avue mabuti yasipige kelele. Vincent Price, anayeigiza Roderick, anaongea kama sauti yake mwenyewe inamchoma, na nywele kazipausha, masharubu kanyoa. Hata ile hoja maarufu ya Corman pale Arkoff alipolalamika muvi ya kutisha haina zimwi, akajibiwa zimwi ni nyumba, watu wanaichukulia kama ujanja wa kuuza muvi wakati kwa Poe Roderick anaamini kabisa mawe ya nyumba ile yana hisia.

Yapo ninayoshindwa kuyatetea. Moto wa mwisho kwa Poe haupo, ni ufa tu na maji, na mimi hadi leo nauona moto ule uliwekwa kwa sababu unapendeza kwenye skrini. Ile ndoto ya rangi rangi ya Philip na mizimu ya ukoo, kuna siku naiona inahitajika na kuna siku ningeikata. Kinachoniuma zaidi ni upacha. Roderick na Madeline wa Poe ni kama mtu mmoja aliyegawanyika, wanakufa pamoja kwa sababu hawakuwahi kutengana, na ukiweka Price na Myrna Fahey, anayeigiza Madeline, ambaye Price alimzidi miaka zaidi ya ishirini, hilo limekwenda. Sijui mimi ningelibakishaje huku mchumba yupo. Pengine haiwezekani.

Kama mnatafuta mahali biashara ilipoamua hadithi, nendeni The Haunted Palace ya 1963. Jina ni la shairi la Poe, lile lile Roderick analoliimba ndani ya Usher, lakini hadithi yenyewe ni ya mwandishi mwingine, Lovecraft, jina la Poe lilikuwa linauza tiketi kwa hiyo likabandikwa juu. Hapo laumuni tu.

Na kwa wale wanaosema wangekuwa na hela wangefuata kitabu, Corman alienda Uingereza kufanya The Masque of the Red Death, iliyotoka 1964, nayo ni ya hadithi ya Poe, akapata wiki tano, akapata seti zilizobaki kwenye muvi kubwa ya Becket, kamera akapewa Nicolas Roeg. Nafasi yote ile, na bado skripti ikaongeza ibada ya shetani, ikamwongeza msichana wa kijijini, ikachomeka na hadithi nyingine ya Poe, ya Hop-Frog, katikati. Kwa sababu hadithi ya Masque ni kurasa chache za watu wanaocheza dansi mpaka kifo kinaingia, na muvi inatakiwa ijae saa moja na nusu.