Jeni ya HBB na Utambuzi wa Damu Katika Uchunguzi wa Jinai

Doa jekundu lililokauka kwenye shati la mtuhumiwa huzua maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: je, hiyo ni damu, na kama ni damu, ni ya nani? Kipimo cha vinasaba (DNA) hujibu swali la pili kwa uhakika mkubwa, lakini la kwanza hakiligusi, kwa kuwa vinasaba vya mtu ni vilevile katika mate, ngozi na damu yake. Vipimo vya awali, kikiwamo cha fenolfthalini kinachogeuka waridi, ni vya haraka, ila huweza kupotoshwa na kutu au utomvu wa baadhi ya mimea, na damu ya mbuzi huleta rangi ileile.

Hapo ndipo jeni ya HBB inapohitajika. Jeni hiyo, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, hubeba maelekezo ya kutengeneza betaglobini, mojawapo ya protini zinazounda himoglobini, kibebaji cha oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Badiliko la herufi moja tu ndani yake ndilo liletalo selimundu, ugonjwa unaofahamika vyema Afrika Mashariki. Kila seli yenye kiini inayo jeni hii, hata ya ndani ya shavu, lakini huko imelala. Huamka ndani ya uboho, chembe nyekundu zinapotengenezwa, na nakala zake za RNA, yaani nakala za muda ambazo seli huzisoma ili kutengeneza protini, hubaki katika chembe changa zinazoingia kwenye mzunguko wa damu. Doa likikutwa na nakala hizo kwa wingi, mtaalamu ana msingi mzuri wa kusema ni damu. Chembe nyekundu iliyokomaa, kwa upande wake, haina kiini, kwa hiyo vinasaba vya kumtambua mwenye damu hutolewa kwenye chembe nyeupe.

Katika kesi za ubakaji HBB peke yake haitoshi, maana utetezi unaweza kudai kuwa damu hiyo ni ya hedhi. Kwa sababu hiyo hupimwa pamoja na jeni kama MMP10, inayofanya kazi kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi wakati wa hedhi.

RNA huharibika upesi kuliko vinasaba, hasa penye unyevu. Nguo yenye damu isifuliwe wala kufungwa ikiwa mbichi kwenye mfuko wa plastiki. Ikaushwe kivulini, kisha kila nguo iwekwe kwenye bahasha yake ya karatasi.