Meno Uingereza: ya NHS (huduma ya afya ya umma) na ya kulipia mwenyewe

"NHS ni bure, basi na meno ni bure."
Kumwona daktari wa kawaida ni bure, kweli. Meno yana bei tangu 1951, walipoanza kutoza meno bandia. England ina viwango vitatu (Scotland na Wales wana taratibu zao). Kuanzia Aprili 2025 vilikuwa pauni 27.40 kukaguliwa, 75.30 kuziba, kung'oa au kutibu mzizi, na 326.70 kwa meno bandia. Wengi hawajui kwamba unalipa mara moja kwa tiba nzima: matundu manne yazibwe na jino moja ling'olewe, bado ni kiwango kimoja tu cha kuziba. Kwa kulipia mwenyewe, kila jino lina hesabu yake.

Hawatozwi walio chini ya miaka 18, wajawazito, na mama aliyejifungua ndani ya miezi 12. Fomu ya kudai msamaha isome kabla ya kutia alama. Ukidai msamaha usiokustahili, faini hufika pauni 100 juu ya deni lenyewe.

"Daktari wa kulipia kasoma zaidi."
Wote wamesajiliwa na General Dental Council. Mara nyingi ni mtu yuleyule, kwenye kiti kilekile. Pesa yako inanunua muda, na meno ya kupendeza.

"Mimi nimeandikishwa kwa daktari wangu wa meno."
Hapa ndipo watu wanapoumia. Hakuna kuandikishwa kama kwa GP (daktari wa kawaida): tiba ikiisha, kliniki hailazimiki kukupokea tena. Lakini pia mtaa haukufungi. Nenda popote penye nafasi. Nafasi yenyewe sasa ndiyo adimu! Mkataba wa 2006 huwalipa madaktari kwa vizio vya kazi, si kwa saa, na kwa miaka mingi aliyeziba jino moja na aliyehangaika na sita walipata sawasawa. Ulirekebishwa 2022, lakini wengi walishapunguza wagonjwa wa NHS. Kwa hiyo mwenye kinywa kibovu zaidi ndiye hasara kwa kliniki. Wa kulaumiwa, kwa maoni yangu, ni mkataba.

"NHS wanang'oa tu."
Tiba ya mzizi imo, hata ya gego. Kung'arisha meno yawe meupe hakumo. Ukiambiwa tiba fulani "NHS haipo", omba mpango wa matibabu kwa maandishi, bei zikiwemo. Jino likikushika usiku na huna kliniki, piga 111, simu ya NHS. Uvimbe ukikubana pumzi, nenda hospitali moja kwa moja.