Mpenzi Asiyekufa Anaogopa Nini?

Nahariri riwaya, na miswada ya mahaba yenye wahusika wasiokufa hunifikia mara kwa mara. Kasoro yake kubwa ni moja. Mwanamume ana umri wa miaka mia tano, lakini anapenda kama mwanafunzi wa kidato cha nne: ananuna asipopigiwa simu, anaapa kwamba hajawahi kupenda hivi. Mtu aliyekwisha kuzika wake watatu hapendi hivyo. Anaogopa hata kuizoea sauti mpya ndani ya nyumba, maana siku itakaponyamaza anaijua.

Wagiriki wa kale walilielewa jambo hili. Eos, mungu wa alfajiri, alimpenda Tithonus, binadamu, akamwombea kwa Zeus, mkuu wa miungu, asife kamwe. Akasahau kumwombea ujana. Mvi zilipoanza kumtoka, Eos akakihama kitanda chake, ila akaendelea kumlisha na kumvisha nguo nzuri. Mimi ningetaka kurasa hamsini za hapo tu: mke ambaye hamtamani tena mumewe na bado anamletea chakula kwa mikono yake, kila siku, bila mwisho.

Katika hadithi hizohizo za Wagiriki, Calypso, mungu wa kike asiyekufa, naye alikaa na Odysseus, shujaa binadamu, kisiwani miaka 7, akamwahidi uzima wa milele. Odysseus alikiri kwamba kwa uzuri mkewe Penelope hamfikii Calypso, lakini akataka kurudi kwake. Aliyemtaka ni mwenzake wa kuzeeka naye. Tena tusisahau kwamba hakuwa na chombo cha kuondokea. Ndiyo maana kila mswada nauuliza: yule mnyonge kati ya wapenzi hawa akisema hapana, anaweza kutoka mlangoni akaenda zake? Kama hawezi, hicho ni kifungo, na mwandishi akiandike kama kifungo.

Kwetu pwani tuna Fumo Liyongo, ambaye silaha hazikumdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Masimulizi yanaeleza jinsi mwanawe alivyoipata siri hiyo na kumchoma nayo usingizini. Mimi humfikiria zaidi mkewe. Shujaa huyu alivua nguo mbele ya mtu, akalala chali karibu naye. Ukitaka msomaji aamini mapenzi yao, acha mapigano kando kidogo, uandike usiku ambao mkono wa mke, katika usingizi, unateleza hadi kitovuni pake, naye yu macho, na hauondoi.