Silakanti wa Malindi na mifupa ya mkono wako

Mwaka 2001 meli ya kukokota nyavu ilimnasa silakanti katika bahari ya Malindi. Hadi mwaka 1938, wanasayansi waliamini samaki huyu alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Ndiyo maana wageni wa makumbusho hutubana kwa swali: ikiwa yeye yuko vilevile, mageuko ya viumbe yako wapi?

Tuanze na pezi. Shika changu sokoni umfunue pezi la ubavuni: ni vijiti vyembamba vilivyotandazwa kama kipepeo cha mkaa. La silakanti lina shina nene la nyama, na ndani yake mifupa imefuatana, wa kwanza ukiwa mmoja tu, umeungana na bega. Sasa jipapase mkono. Mfupa mmoja hadi kiwiko, miwili hadi kifundo, kisha vijifupa vingi, halafu vidole. Mpangilio huo anao popo, anao kasa, anao pomboo, ingawa mmoja anaruka na wengine wanaogelea. Urithi wa babu mmoja unaueleza vizuri; mahitaji ya kazi peke yake hayatoshi.

Hata mwendo wake unashangaza. Mtafiti Mjerumani Hans Fricke alipowapiga picha za filamu wakiwa hai huko Komoro mwaka 1987, walionekana wakipishanisha mapezi, la kulia na la kushoto, kama punda anavyopishanisha miguu.

Hata hivyo si babu yetu, ni binamu. Vinasaba vyake, vilivyochapishwa mwaka 2013, vilionyesha kuwa samaki wenye mapafu, jamaa za kamongo wa Ziwa Victoria, wako karibu zaidi na wanyama wa miguu minne. Wala hajabaki vilevile: silakanti wa kale walikuwa wa aina nyingi, na hakuna kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, cha spishi hii ya leo kilichowahi kupatikana.

Kwangu ushahidi mzito zaidi ni Tiktaalik, kisukuku cha kiumbe kilicho kati ya samaki na wanyama wa miguu minne. Watafiti walichagua miamba ya umri ambao kiumbe wa namna hiyo alitarajiwa kuwamo, miaka milioni 375 hivi, wakachimba kisiwa cha Ellesmere, Kanada. Mwaka 2004 wakampata: magamba na mapezi ya samaki, lakini ana shingo, na ndani ya pezi mna kifundo.

Mvuvi akimkuta silakanti mwingine, wa buluu mwenye madoa meupe, atujulishe kabla hajakatwa. Nyama yenyewe imejaa mafuta, hailiki kwa raha.