Bwawa la bustani likigeuka kijani, usikimbilie dawa

Kaskazi ikishika na jua la Tanga kuwa kali, maswali huwa yale yale, yatoke Raskazone au Sahare: maji ya bwawa yalikuwa meupe, sasa samaki hawaonekani. Wengi humwaga maji yote na kujaza mapya. Baada ya siku chache kijani kimerudi, kwa sababu tope la chini, ambalo ndilo ghala la chakula chake, halikuguswa.

Kijani hicho ni mwani, vijimea vidogo mno vinavyoelea majini. Vinahitaji jua, naitrojeni na fosforasi. Jua hatuna uhaba nalo. Hivyo viwili vingine, mara nyingi, tunavitia wenyewe kwa mkono. Chukua chakula cha samaki chenye protini asilimia 30: kilo moja ina naitrojeni gramu 48 hivi, na sehemu kubwa ya hiyo huishia majini kama kinyesi na mabaki. Kwa hiyo lisha kile kinacholiwa ndani ya dakika tano, basi. Majani ya mwembe yanayodondokea bwawani yaopolewe kabla hayajaoza, na ukingo uinuliwe kidogo ili mvua ya masika isisombe samadi ya bustani na kuiingiza humo.

Si kila kijani ni ugonjwa. Chovya mkono hadi kiwiko. Ukiona kiganja chako kwa shida, perege wako wana afya na hata wanakula mwani huo. Kiganja kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, hapo pana hatari, na hatari yenyewe huja usiku. Mchana mwani hutoa oksijeni. Giza likiingia huivuta pamoja na samaki. Maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi, kwa hiyo karibu na alfajiri utawakuta samaki juu wakitweta. Pampu ndogo inayorusha maji ifanye kazi usiku, si mchana tu wageni wakiwapo.

Sasa dawa. Mrututu unaua mwani, ni kweli, lakini shaba iliyomo huua samaki pia, hasa kwenye maji laini ya mvua. Hata samaki wakinusurika sumu, mwani unaokufa wote kwa mkupuo huoza na kumaliza oksijeni. Mimi siushauri kabisa kwa bwawa la nyumbani.

Kivuli ndicho dawa. Panda yungiyungi mpaka majani yafunike karibu nusu ya uso wa maji. Yanazuia jua, na mizizi inagombania chakula kile kile. Gugu maji usilete hata maua yakikuvutia, kwani bwawa likifurika litafika mtoni. Mwani wa nyuzi unaoshika mawe uzungushie fimbo na kuuvuta, kisha uutupe kwenye tuta la mchicha.

Tope lipunguzwe kidogo kidogo, na maji yabadilishwe robo tu kwa mara moja. Maji ya bomba yakae siku moja au mbili kwenye chombo kilicho wazi ili klorini ipungue. Usiwatoe samaki wote wakati wa usafi: maji yaliyotuama bila samaki huwa mazalia ya mbu ndani ya wiki moja hadi mbili.