Surua imeshaingia kijijini, chanjo ya nini tena?

Mwaka 2022 surua ilizuka Mpimbwe, mkoani Katavi, na kuua watoto. Timu za chanjo zikifika katika vijiji vya namna hiyo hukuta watu wana majibu tayari, na mengine ni nusu ukweli, ndiyo maana ni magumu kuyang'oa.

"Tumechelewa, ugonjwa umeshaingia."
Virusi vya surua huchukua siku kama kumi tangu kuingia mwilini mpaka homa ianze. Mtoto aliyecheza na mgonjwa akichanjwa ndani ya saa 72, kinga inaweza kuuwahi ugonjwa. Nyumba hiyo ikikosa muda, bado kuna kitongoji cha ng'ambo ya mto. Mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na akitoka chumbani virusi hubaki hewani hadi saa mbili. Kumtenga upele ukishaonekana kunasaidia, ila amekuwa akiambukiza tangu siku nne nyuma, alipoonekana ana mafua tu na macho mekundu.

"Wangu alishachomwa."
Hapo omba kadi. Ratiba ya Tanzania ni dozi mbili za surua-rubella (rubella ni ugonjwa mwingine wa upele), miezi 9 na miezi 18. Ile ya kwanza huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Hao 15 waliobaki, hakuna anayewajua kwa sura. Dozi ya pili hupotea kirahisi: mtoto anatembea, anakula ugali, mama yuko kwenye palizi na zahanati iko mbali. Wakati wa mlipuko hata wa miezi 6 huweza kuchanjwa, lakini dozi hiyo haihesabiwi. Akifika miezi 9 anaanza upya. Kuongezewa dozi hakumdhuru.

"Mwenye surua akichomwa sindano, upele unarudi ndani na kumuua."
Hii ina mizizi mirefu. Mtoto anafunikwa blanketi, haogeshwi, anapakwa pombe ya kienyeji ili upele "utoke wote", na anapelekwa zahanati mbavu zikiwa zimeanza kubonyea kila anapopumua. Upele haurudi popote. Wengi wa wanaokufa huuawa na nimonia na kuhara vinavyofuata, na vyote vinatibika. Kuna pia vitamini A: kidonge laini kinakatwa ncha, mafuta yanakamuliwa mdomoni, leo na kesho. Aliyetimiza mwaka hupewa yuniti 200,000 kila siku, wa miezi 6 hadi 11 nusu yake. Nimewasikia kina mama wakinung'unika kwamba wamepewa "matone tu", kumbe matone hayo hupunguza vifo na kuokoa macho.

"Inafunga uzazi. Inaleta usonji."
Haifungi uzazi. La usonji lilitokana na makala ya Uingereza ya 1998 kuhusu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010.

"Chupa haifunguliwi mpaka wafike kumi."
Hili halitoki kwa bibi wala kwa mganga, linatoka kliniki kwenyewe, na mimi ndilo linaloniudhi kuliko yote. Chanjo huja ikiwa unga, mara nyingi chupa ya dozi 10; ikishachanganywa hukaa kwenye ubaridi na hutupwa zikipita saa sita tangu kuchanganywa. Muuguzi anaogopa kuulizwa dozi zilizomwagwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: fungua, hata kwa mtoto mmoja.

Nilikaa benchi la zahanati moja, sitaitaja, siku ambayo huduma ya mkoba, yaani wauguzi kupeleka chanjo vijijini, iliahirishwa kwa mvua. Walikuwa watoto watatu. Saa sita mchana dada mmoja akamfunga mwanawe mgongoni, akarudisha kadi kwenye mfuko wa nailoni, akauliza, "Basi nije lini?" Akaambiwa mwezi ujao.